Mama, huyo Simba mdogo unayemsifia ni watoto wawili

Jumamosi iliyopita aliingia studio mama mmoja na binti yake wa miaka 9. Mtoto akaniamkia, nikaitikia marahaba, akaenda kukaa pembeni ya kinanda amekumbatia chupa yake ya maji kama aliyeletwa kuchomwa sindano. Walitaka wimbo mmoja tu wa mahafali, na mama alikuwa na sharti. Akatoa simu, akanichezea kipande cha The Lion King ya 1994, ile ya katuni, pale Simba mdogo anapojigamba kwamba hawezi kusubiri kuwa mfalme.

"Fundi, nataka hivi. Sauti ya mtoto yenyewe. Zamani watu walikuwa wanaimba kweli. Sitaki hayo makompyuta yenu, kama hii waliyoirudia kina Beyoncé."

Nikamwambia sawa mama, nikaenda kufunga maiki. Lakini moyoni nilikuwa nimeshachoka. Kauli hii nimeisikia kwa walimu wa kwaya, kwa watangazaji, kwa shemeji yangu ambaye hajawahi hata kushika hedifoni. Zamani laivu, siku hizi kompyuta. Basi leo natoa jibu ambalo siku ile nililimeza.

Ile sauti ya mtoto "yenyewe" ya 1994 ni ya watoto wawili. Anayeongea ni Jonathan Taylor Thomas. Anayeimba ni Jason Weaver. Simba akishakua, anaongea Matthew Broderick na kuimba Joseph Williams. Kwa hiyo simba mmoja, binadamu wanne. Nala, simba jike rafiki yake, naye ni hivyo hivyo, wanne: wawili wa kuongea, wawili wa kuimba. Njoo sasa kwenye ile ya 2019 inayotukanwa: Simba mdogo ni JD McCrary, anaongea na kuimba mwenyewe. Simba mkubwa ni Donald Glover, anaongea na kuimba mwenyewe. Beyoncé kama Nala, hilo nadhani halihitaji maelezo. Kama kigezo chako ni "kuimba mwenyewe", mama, umeshika filamu isiyo yake.

(Huyo Jason Weaver amesimulia kwamba waliahidiwa dola milioni 2 za mkupuo, mama yake akakataa, akachukua dola 100,000 pamoja na mirabaha. Wasanii wetu wanaouza wimbo moja kwa moja kwa bei ya simu, someni hapo mara mbili.)

Kuna na wimbo wa Scar, yule simba mbaya wa filamu. Jeremy Irons aliuimba karibu wote, koo likamwishia, na sehemu ya mwisho akamalizia Jim Cummings, aliyekuwa pia sauti ya fisi mmojawapo. Miaka mingi watu wamesikiliza wasijue sauti imebadilika katikati ya wimbo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaingia kwenye kazi hii ndipo nikajua, na mpaka leo mahali hasa pa kiungio pananisumbua.

Ukirudi nyuma zaidi ndiyo utashangaa. Mwimbaji Marni Nixon alimwimbia mwigizaji Deborah Kerr mwaka 1956, akamwimbia Natalie Wood mwaka 1961, akamwimbia Audrey Hepburn mwaka 1964, zote filamu kubwa, na jina lake halikuwekwa kwenye orodha ya waliofanya kazi. Katika The Sound of Music, yule baba anayewaliza watu kwa gitaa lake ni sura ya Christopher Plummer na koo la Bill Lee. Hiyo ndiyo "zamani waliimba kweli". Ni plebeki, ndugu zangu, sauti iliyorekodiwa kabla, mtu anachezesha mdomo tu. Tena plebeki ya mtu mwingine! Msanii wa Bongo akipanda jukwaani na plebeki ya sauti yake mwenyewe tunamrushia chupa.

Sasa kompyuta. Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti iliyokosa noti, ilitoka 1997. Aliyeibuni, Andy Hildebrand, alitoka kwenye mambo ya mafuta: alikuwa akichambua mawimbi yanayotumwa ardhini na kurudi, ili wachimbaji wajue pa kutoboa. Hesabu za namna hiyo akazigeuzia kwenye koo la binadamu. Mwaka uliofuata Cher akatoa "Believe", na prodyuza wake akaanza kwa kuficha, akasema ni kifaa kingine kabisa. Kwa hiyo ndiyo, The Lion King ya kwanza haikuwa na Auto-Tune, kwa sababu haikuwapo duniani. Lakini msidhani mtu alisimama akaimba mara moja akaenda kula. Teki, yaani marudio ya kurekodi, zilirundikana, neno hili likachukuliwa teki ya 3, neno lile teki ya 11, panapovuja unapiga panchi, yaani unarekodi upya hapo tu. Kazi ya kushona viraka. Tofauti ni kwamba kiraka kilitoka kooni.

Nikubali kitu kimoja hapa, maana nisipokubali mtaniumbua. Zipo filamu zilizorudiwa ambazo chombo kimetumika kwa mkono mzito. Beauty and the Beast ya 1991 ilikuwa na Paige O'Hara, mwimbaji wa jukwaani hasa, na Angela Lansbury ambaye wimbo mkuu aliumaliza kwa teki moja. Ya 2017 ilikuwa na Emma Watson, ambaye ni mwigizaji mzuri na aliimba mwenyewe, lakini noti zake zinatua kama zimepangwa kwa rula. Studio za zamani zikitaka sura ya nyota zilikuwa zinamleta Marni Nixon mlango wa nyuma. Za sasa zinaleta plagini, programu ndogo ya kunyoosha sauti. Nyota abaki na sauti yake, ila inyooshwe. Mimi sioni kwa nini ya pili iwe ndiyo udanganyifu na ya kwanza iwe sanaa.

Lakini linaloniudhi zaidi ni hili: watu wanaoilaumu The Lion King ya 2019 wanasikia kompyuta mahali ambapo haipo. Na nadhani najua kwa nini.

Ile filamu hakuna simba ndani yake. Mwongozaji wake, Jon Favreau, alisema picha moja tu ndiyo iliyopigwa Afrika kwa kamera ya kweli, ile ya kuchomoza jua mwanzoni. Kila kitu kingine, nyasi, nzi, manyoya, ni kompyuta. Na wakataka simba awe simba, kwa hiyo uso wake hauchezi. Kwenye katuni, Simba akiimba "aaa" mdomo unafunguka hadi unaona kilimi, nyusi zinapanda, kifua kinajaa. Jicho linaona jasho, sikio linaamini. Kwenye ile ya 2019 unasikia mtoto anaivuta noti ya juu kwa nguvu zake zote, halafu unaona mnyama anafungua taya kidogo kama anayetafuna. Pumzi haionekani, shingo haikazi. Kichwa chako kinajiuliza: hii sauti imetoka wapi? Na kwa kuwa neno pekee tunalolijua la sauti isiyo na mwili ni Auto-Tune, basi tunasema Auto-Tune.

Jaribu. Cheza wimbo ule ule simu ikiwa mfukoni. Utasikia mtoto anayeimba, ana pumzi, ana mikwaruzo midogo kwenye herufi. Nimemfanyia jaribio hili mwanafunzi wangu hapa studio, akabadili msimamo ndani ya dakika mbili. Shemeji alikataa kusikiliza.

Kama mnatafuta cha kulalamikia, mbona kipo? Ule wimbo wa mapenzi wenye neno "usiku" kwenye jina lake wameupiga picha mchana kweupe. Wimbo wa Scar wameukata ukabaki karibu hotuba. Na kwa mara ya mwisho: ule mwito wa mwanzo jua linapochomoza si Kiswahili, ni Kizulu, wa Lebo M wa Afrika Kusini, na ndiyo, alirudi mwaka 2019 pia. Kiswahili ni "hakuna matata", ambayo hapa Dar utaisikia zaidi kwa mtu anayemsubiri mtalii.

Turudi kwa binti. Aliimba vizuri kuliko alivyokaa. Kazi ya kunyoosha niliifanya usiku, na nawaeleza neno moja tu ili mjue tunazungumzia nini. Neno lenyewe ni "nyumbani". Kwenye skrini sauti inaonekana kama nyoka aliyelala juu ya ngazi, kila ngazi nusu toni, na nusu toni tunaigawa senti 100. "Nyu" aliipata. "Mba", ambapo Kiswahili chenyewe kinakaza, aliingia chini kama senti 40, akaipandia noti taratibu hadi akaifikia. "Ni" ikamchoka, ikaanguka senti 30.

Fundi mgeni anabonyeza silabi zote tatu zikae katikati ya ngazi. Nami nilibonyeza, nikasikiliza. Ilikuwa safi, na mtoto hakuwemo. Ile senti 40 ya kupanda taratibu ndiyo iliyokuwa na umri wake, ndiyo iliyokuwa inatamani kufika nyumbani. Nikarudisha. "Mba" sikuigusa. "Ni" nikaiinua ikakaa. Wimbo mzima niligusa sehemu 11, na nakuapia hakuna mtu wa mahafali atakayezisikia.

Kwa sababu hiyo neno "imetiwa kompyuta" halinielezi kitu. Imetiwa wapi? Kwenye shina la noti, au kwenye njia ya kuifikia? Kwa kasi gani? Ukiweka kasi ya kurekebisha sifuri unapata roboti. Ukiiachia milisekunde 40 au 50 noti inasogea kama vile mwimbaji kajisahihisha mwenyewe. Mtu wa taarab asilia atakuelewa haraka kuliko mtu wa filamu, maana kwenye maqamu, zile ngazi za muziki wa Kiarabu, kuna noti zinazokaa katikati ya ngazi kwa makusudi. Niliwahi kurekodi bibi mmoja wa namna hiyo nikasahau kuzima programu. Kila aliposhuka pale pake, mashine inampandisha. Akanitazama kupitia kioo, akasema, "Mwanangu, nani huyo anabishana nami?"

Na mimi je, najua ninachokisikia? Nilidhani najua. Mwezi uliopita mwanafunzi alinichezea vipande 10 vya sauti za waimbaji bila kunionyesha skrini, niseme kipi kimenyooshwa. Nilikosa 4. Kimoja kati ya hivyo nilikuwa nimekinyoosha mwenyewe. Nikakitetea kwa dakika nzima kwamba ni kitupu. Kwa hiyo hata hukumu yangu juu ya Emma Watson, ipokeeni na chumvi kidogo: huenda sehemu ya ninachokiita rula ni kubanwa kwa sauti kwenye miksi tu. Na jambo jingine linanikosesha usingizi kidogo. Watoto ninaowarekodi sasa wamekua wakisikia sauti zilizonyooshwa tu. Wanakuja tayari wanaimba hivyo, noti kwa noti, bila kuteleza popote. Hapo sina cha kurekebisha, na sijaamua kama nifurahi.

Jumatano mama alirudi. Nikampa mafaili mawili bila kumwambia lipi ni lipi: moja kama lilivyotoka kooni, jingine lenye zile sehemu 11. Akasikiliza yote, hedifoni ameishika kwa mikono miwili. Akachagua la pili.

"Hili ndilo. Unaona fundi? Sauti ya mtoto yenyewe, haina kompyuta."

Nikaanza kuandika risiti. Binti akaomba hedifoni, akasikiliza kimya, akarudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Anko, hapa kwenye 'nyumbani' mwishoni, mimi sikuimba hivi."

Mama akamwambia anyamaze, anko ana kazi. Walipotoka nje kutafuta bajaji nikafungua faili, nikaiachia ile "ni" ishuke senti zake 30, nikamtumia mama kwenye simu. Amejibu kwa alama ya moyo. Hajasikia tofauti.