Ukibadilisha mstari mmoja, unangoja jibu kwa muda gani?

Vijana wanaoandika programu hapa Mombasa huniuliza sana wafanyeje ili wamalize kazi haraka. Wengi wao hawasimamii mtu. Hawana mamlaka ya kufuta vikao, hawaajiri, wala hawawezi kumwambia mteja avute subira. Wanatarajia niwatajie kihariri fulani, au kibodi ya bei mbaya, au niwaambie waamke alfajiri. Mimi huwarudishia swali: ukibadilisha mstari mmoja wa msimbo, unakaa muda gani kabla ya kujua umepatia au umekosea? Wachache sana wamewahi kuupima muda huo, ilhali ndio peke yake ambao mtu asiye bosi anaweza kuupunguza bila kuomba ruhusa ya yeyote.

Katika fani yetu kuna hadithi maarufu kwamba mwandishi hodari wa programu huwashinda wenzake mara 10, na wapo wanaoifikisha mara 28. Hiyo 28 ilitokana na utafiti wa Sackman, Erikson na Grant uliochapishwa Marekani mwaka 1968. Ni tofauti kati ya aliyechelewa kupita wote na aliyewahi kupita wote katika kutafuta makosa, kwenye kundi dogo, tena watu waliofanya kazi katika hali tofauti wakiwa wamechanganywa pamoja. Mwaka 1999 mtafiti Lutz Prechelt aliandika makala nzima kuonyesha jinsi namba hiyo inavyopotosha. Mimi kilichonivutia ni lengo lenyewe la utafiti, ambalo siku hizi halitajwi na mtu. Watafiti wale walitaka kulinganisha watu waliokaa mbele ya mashine wakajibiwa papo hapo na watu waliokabidhi programu yao kisha wakangoja matokeo. Kwa jumla, waliojibiwa papo hapo walitumia saa chache zaidi kutafuta makosa. Dunia ikaibeba hadithi ya mabingwa, habari ya kungoja ikaachwa palepale.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya kompyuta, aliandika mwaka 1993 kwamba jibu likija ndani ya sekunde 1 mawazo ya mtu hayakatiki, na likipita sekunde 10 mtu huanza kutafuta jambo jingine la kufanya. Mwaka 1993 hapakuwa na kundi la WhatsApp la mchango wa harusi. Leo sekunde 40 za kungoja zinatosha kabisa kukufanya ushike simu, usome, ujibu, ucheke, na ukirudi kwenye kioo jibu limeshapoa na wewe umesahau ulikuwa ukijaribu nini.

Nitatoa mfano wa kazi tunayoijua sana mji huu. Kontena likishushwa bandarini lina siku zake za bure, na zikiisha ada ya kuhifadhi huanza kuhesabiwa siku kwa siku. Mteja mmoja, wakala wa forodha, alilalamika kwamba baadhi ya hesabu zinazotolewa na mfumo wake zina siku moja ya ziada. Baadhi tu, si zote. Kijana niliyekuwa nikifanya naye kazi akaanza kuisaka hitilafu kwa njia ambayo wengi huifuata: washa mfumo mzima, ingia, fungua shehena mpya, jaza fomu, toa ankara, tazama. Na fomu yenyewe haikubali namba ya kontena ya kubuni ovyo, kwani tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na herufi 4 na tarakimu 6 zilizo mbele yake, kwa mujibu wa kiwango cha ISO 6346. Kila jaribio likawa linakula dakika kadhaa, na tarehe alizokwisha kujaribu zikaanza kumchanganya.

“Kaka, hiki kitu kina jini,” akaniambia. “Nikijaribu mimi kinahesabu sawa, kwa mteja kinakosea.”

“Wacha fomu,” nikamwambia. “Nionyeshe pale panapohesabiwa siku.”

Palikuwa na fanksheni moja fupi, kipande cha msimbo kinachofanya hesabu hiyo tu. Tukaiandikia jaribio, yaani programu ndogo inayoipa nyakati mbili, wa kushushwa na wa kutoka, kisha inachapisha idadi ya siku. Hakuna hifadhidata, hakuna ukurasa, hakuna nywila. Ukibonyeza, limeshajibu. Tukaliingizia kushushwa saa tano usiku: sawa. Saa saba usiku: siku ya ziada. Saa nane na dakika 59 usiku: siku ya ziada. Saa tisa kamili usiku: sawa. Akacheka mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya UTC, saa ya kimataifa, na fanksheni ile ilikuwa ikiikata siku kwa UTC. Kontena lililoshushwa saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 5 lilihesabiwa kuwa limeshuka tarehe 4. Yeye majaribio yake yote aliyafanya kwa saa za mchana, lakini bandari inashusha mizigo usiku kucha. Dawa ilikuwa kuhesabu siku kwa majira ya Africa/Nairobi, badiliko la mstari mmoja, na yale majaribio manne tukayaacha ndani ya mradi yaendelee kulinda.

Habari za majira kila mmoja wetu alikuwa akizijua tangu zamani. Kilichokosekana ni nafasi ya kuuliza maswali manne mfululizo kabla fikra haijapotea. Kwa fomu, maswali manne ni nusu saa. Kwa jaribio dogo, ni muda wa kupiga funda la kahawa.

Malipo ya M-Pesa ndiyo yanayowala watu muda kuliko yote, kwa ninavyoona. Mtu anaunganisha mfumo wake na Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, anatuma ombi, simu inatokeza kidirisha, anatia PIN, halafu anangoja jibu litumwe kwenye anwani yake, ambayo lazima ifikike kutoka nje kwenye intaneti. Kila akibadilisha mstari anarudia safari nzima. Hakuna haja. Likija jibu moja la kweli, lihifadhi kama faili ya JSON. Nakili faili hiyo, kisha badilisha ResultCode, namba ya matokeo: 0 ya malipo yaliyofaulu, 1 ya salio lisilotosha, 1032 ya mteja aliyeghairi, 1037 ya simu isiyopatikana. Sasa zitume mwenyewe kwa curl, programu ya kutuma maombi ya mtandao, kwenye seva iliyo ndani ya laptopu yako, mara nyingi upendavyo, hata intaneti ikiwa imekatika. Halafu tuma faili moja mara mbili mfululizo, yenye CheckoutRequestID (kitambulisho cha ombi) ileile, uone kama mfumo wako utampa mteja risiti mbili. Kwa njia ya kidirisha na PIN hungelifikia swali hilo la mwisho, maana ungekuwa umeshachoka.

Kuna kichekesho kidogo cha kuishi Mombasa. Nyaya za chini ya bahari zinatua hapa hapa kwetu: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy tangu 2010. Watu hudhani basi seva ya Ulaya iko mlangoni. Upana wa njia ni jambo moja, umbali ni jingine. Nuru ndani ya nyuzi hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na Frankfurt iko zaidi ya kilomita 6,000 kutoka hapa kwa mstari ulionyooka, sembuse kwa njia ya Bahari ya Shamu. Kwenda na kurudi peke yake ni zaidi ya milisekunde 60, na kwa kawaida huwa zaidi ya 100. Chukulia 150. Ukurasa unaouliza hifadhidata maswali 40, moja baada ya jingine, unakungojesha sekunde 6 kila ukiuonyesha upya. Nimewaona watu wakilaumu lugha ya programu, wakilaumu laptopu, wakati hifadhidata yao ya majaribio iko Ulaya. Iweke kwenye mashine yako, na data chache za mfano. Hali kadhalika vifurushi vya maktaba (msimbo ulioandikwa na wengine): visipakuliwe upya kila siku, weka akiba ya ndani. Stima ikipotea, betri yako itakubeba, na kazi haitasimama kwa sababu ya mtandao.

Ukishakuwa na jaribio la haraka, kuna mlango mwingine unafunguka. Kitu kilichokuwa kikifanya kazi mwezi uliopita kimeharibika, na katikati kuna mabadiliko 1,000 ya watu mbalimbali. Amri ya git bisect, katika programu ya git inayotunza historia ya msimbo, huyakata nusu kwa nusu, kwa hiyo hatua kama 10 zinatosha kulifikia badiliko lenye kosa. Ukiiongezea neno run na kuipa lile jaribio lako, inafanya yenyewe wewe ukiwa unakata mahamri. Kwa jaribio la dakika 15 hakuna anayeitumia.

Kungoja kurefu kuliko kote, hata hivyo, ni kungoja watu. Hapa nina lalamiko langu la siku nyingi. Sisi ni watu wa salamu, na ni vizuri. Lakini mtu anamwandikia mwenzake, “Assalamu alaikum, umeamkaje?” halafu anakaa kungoja aitikiwe ndipo aseme shida yake. Yule wa pili yuko kikaoni, anaitikia baada ya saa mbili. Wa kwanza naye ameenda kuswali. Jioni wamejuliana hali vizuri kabisa na hitilafu iko palepale. Salimu, kisha katika ujumbe huohuo eleza umefanya nini, ulitarajia nini, umeona nini, na bandika maneno kamili ya kosa, si picha ya kioo iliyopigwa kwa simu. Kama mwenzako yuko Marekani ni lazima zaidi, kwa kuwa “habari” peke yake inakugharimu siku nzima.

Na ukaguzi wa msimbo, yaani wenzako kusoma badiliko lako kabla halijaingizwa, ni hivyohivyo. Badiliko la mistari 60 lina mtu wa kulisoma kabla ya adhuhuri. La mistari 1,200 hukaa, kila mmoja akitumaini mwingine atalianza, mwisho mtu anaandika “sawa” bila kulisoma. Ukilikata vipande vitatu hujapunguza kazi hata kidogo, umepunguza tu kungoja, na kungoja ndiko kulikokuwa kukikuchelewesha.

Siku hizi swali linalofuata ni la akili unde. Mwaka 2025 taasisi ya METR ilichapisha jaribio la waandishi wa programu wazoefu 16 wakifanya kazi 246 kwenye miradi wanayoijua vizuri. Waliporuhusiwa kutumia akili unde walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, na bado baada ya kumaliza waliamini imewaharakisha kwa asilimia 20. Zana hubadilika haraka, na kundi lilikuwa dogo, sisemi watu waache. Mimi mwenyewe naitumia. Ila inaandika msimbo kwa sekunde chache na kukuachia wewe kazi ya kujua kama ni sahihi. Ukiwa na majaribio ya haraka, unaikagua hapo hapo. Usipokuwa nayo, umepata mtu wa kukuzidishia foleni. Halafu ile tofauti ya 19 na 20 imenifundisha kutoamini hisia za mtu kuhusu kasi yake mwenyewe, zangu zikiwemo.

Kuhusu kukatizwa, sina dawa kubwa. Adhana ikilia natoka, chai ikija nakunywa. Jambo moja tu nalishikilia: kabla ya kuinuka naacha jaribio moja linaloshindwa, limeandikwa kwa makusudi, la kile nilichotaka kufanya kinachofuata. Nikirudi naendesha majaribio, lile jekundu, lililoshindwa, linaniambia nilipofikia. Ni bora kuliko maelezo kwenye daftari, ambayo mimi huandika kwa haraka na sielewi mwandiko wangu.

Basi pima. Andika neno time, linalopima muda, mbele ya amri unazozirudia, ya kujenga mradi, ya majaribio, ya kuwasha seva, na zile za kubonyeza kwa mkono zipime kwa saa ya simu. Zidisha kwa mara unazozifanya kwa siku. Kungoja kwa sekunde 40 mara 50 kwa siku ni sekunde 2,000, yaani zaidi ya nusu saa, na kwa wiki ya siku tano ni karibu saa 2 na dakika 47. Ukitumia nusu siku, saa 4, kupunguza kungoja huko hadi sekunde 2, saa hizo zimerudi kabla wiki ya pili haijaisha. Anza na kule unakokurudia mara nyingi zaidi, hata kama siko kurefu zaidi. Ujenzi wa mradi wa dakika 20 unaofanyika mara moja jioni uache uendelee wewe ukienda nyumbani. Na usiende kumwomba bosi siku ya “kuboresha mazingira ya kazi”, atakuuliza ni tiketi gani, yaani kazi gani iliyoandikishwa. Ihesabu ndani ya makadirio ya kazi inayofuata inayogusa sehemu hiyo, ukianza na jaribio dogo kama lile la kontena.