Kabla ya kuagiza mitambo ya kauri, fuata kipande kimoja

Chuo kikipata fedha za mitambo ya kauri, macho ya wengi huenda kwenye tanuri kwanza. Ndilo kubwa na ndilo linalopendeza kwenye picha. Lakini kipande cha kauri huharibika mapema zaidi, kwenye unga na kwenye kalibu (umbo ambamo unga hushindiliwa), na moto wa nyuzi 1600 za Selsiasi haurekebishi kosa la huko nyuma, hulianika tu. Kwa hiyo kabla ya kuandika zabuni, chagua kipande kimoja ambacho maabara itakitengeneza mara kwa mara, tuseme kisahani cha alumina (oksidi ya aluminiamu) chenye kipenyo cha milimita 20, ukifuate kutoka unga hadi mwisho.

Kinu cha mipira, yaani chupa inayozungushwa ikiwa na mipira inayosaga unga, ndicho cha kwanza. Chupa yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 15, ikiwa na mipira ya milimita 10, ikifika mizunguko 113 hivi kwa dakika mipira hung'ang'ania ukutani na kuacha kuporomoka, na usagaji husimama. Kazi nzuri hufanyika kwenye asilimia 65 hadi 75 ya kasi hiyo, yaani mizunguko 73 hadi 85, kwa hiyo usikubali kinu kisichorekebishika kasi. Pima uzito wa mipira kabla na baada ya kusaga: gramu zilizopungua zimo ndani ya unga wako. Ndiyo sababu kila aina ya unga inahitaji chupa na mipira yake. Gharama hii ndogo husahaulika karibu kila mara, halafu wanafunzi wa alumina na wa zirkonia (kauri nyingine) wanabaki kuazimana chupa moja.

Kwenye kalibu ndipo hesabu huwaponyoka wengi. Unga ulioshindiliwa huwa na takriban asilimia 55 ya msongamano kamili. Ukichomwa hadi asilimia 98, kila upande hunywea kwa karibu asilimia 17.5. Ukitaka kisahani cha milimita 20 mwishoni, kalibu iwe ya milimita 24 hivi. Kuishindilia kwa megapaskali 100 kunahitaji nguvu ya tani 4.6 tu, lakini kalibu ya milimita 50 kwa shinikizo lilelile inataka tani 20. Mashine ya tani 10 inatosha kabisa kwa kazi ya kwanza na haifai kwa ya pili. Amua mapema ukubwa unaouhitaji. Wala usidhani nguvu zaidi ni bora zaidi. Ukishindilia kupita kiasi, unga hujikunja kama springi, na kipande kikisukumwa nje ya kalibu hujitanua na kupasuka kwa matabaka, kifuniko cha juu kikabanduka chenyewe. Dawa yake ni kupunguza shinikizo, kuipaka kalibu asidi ya steariki na kuachilia shinikizo polepole. Kwa utafiti wa dhati, ongeza mashine ya kushindilia kwa maji kutoka pande zote, ya megapaskali 200: kipande hukaziwa sawasawa na hupinda kidogo sana kwenye moto.

Sasa tanuri. Alumina safi huchomwa kwenye nyuzi 1550 hadi 1650, kwa hiyo koili za kawaida za aloi ya chuma, kromiamu na aluminiamu hazifiki huko. Utahitaji elementi (vijiti vya kupashia joto) za molibdenamu silisaidi. Hizi hustahimili joto hilo vizuri, lakini zikiwa baridi huvunjika kama chaki, na zikikaa muda mrefu kati ya nyuzi 400 na 600 huliwa na oksijeni na kutoa unga. Bahati mbaya, gundi iliyochanganywa na unga nayo huungua kati ya nyuzi 200 na 600, na ni lazima iungue polepole, nyuzi 1 kwa dakika au chini yake, la sivyo gesi huchana kipande. Kipimajoto nacho kinaongeza tatizo: thamokapo (waya za kupimia joto kwa volti ndogo) ya aina B, inayofaa joto kali, kwenye nyuzi 200 hutoa milivolti 0.178 tu, wakati ya aina K hutoa 8.138. Kidhibiti cha joto kinakuwa kama kipofu hapo hapo panapohitaji umakini. Nunua tanuri la pili, dogo, la nyuzi 1100, lenye thamokapo ya aina K na bomba la kutoa moshi, kwa kazi ya gundi peke yake. Litalinda lile la gharama kubwa.

Mashine inayochoma kwa mkondo wa umeme huku ikikandamiza kipande ndani ya kalibu ya grafaiti inavutia, maana inapandisha nyuzi 100 kwa dakika. Iagize mwisho. Inataka maji ya kupoozea yasiyokatika, pampu ya ombwe na akiba ya kalibu za grafaiti zinazovunjika mara kwa mara. Zirkonia ikitoka humo huwa nyeusi au ya kijivu, na huirudishia rangi yake kwa kuichoma tena hewani. Bila unga mzuri, mashine hii itakupa kasoro zilezile, ila kwa haraka.

Kwenye mkataba, usikubali kupokea tanuri kwa kuona taa zinawaka. Taka lichome visahani vitano vilivyowekwa kila kona na katikati, kisha vipimwe msongamano kwa njia ya Archimedes, yaani kupima uzito wa kila kimoja kikiwa kikavu, ndani ya maji, na kikiwa kimeloa. Alumina kamili ni gramu 3.98 kwa sentimita ya ujazo, 3.90 ni asilimia 98. Kisahani cha kona kikitofautiana sana na cha katikati, joto halijasambaa sawasawa, na msambazaji arudi kulirekebisha kabla ya malipo ya mwisho. Elementi mbili za akiba na thamokapo moja ziwemo ndani ya sanduku lilelile la kwanza.