Makombe ya baharini mlimani hayakuletwa na gharika

Kwa karne nyingi wengi waliamini kuwa makombe ya baharini yaliyomo ndani ya miamba ya milimani yaliachwa na gharika moja kubwa. Miamba yenyewe inakataa. William Smith, mpima ardhi wa Uingereza aliyefanya kazi kwenye mifereji ya mashua, aliona kila tabaka la mwamba lina visukuku vyake (mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa ndani ya mwamba), na mpangilio ni uleule hata ukienda mbali. Gharika ingevikoroga vyote pamoja. Kwa kanuni hiyo akachora ramani yake maarufu ya miamba ya Uingereza, ya mwaka 1815. Makombe hayo yalifukiwa na matope chini ya bahari, matope yakagandamana kuwa mwamba, kisha ardhi ikainuka polepole, kwa mamilioni ya miaka.