Asiye na hatia ni nani? Kumsoma Martha Mvungi nikiwa Njombe

Majuma machache yaliyopita mwanafunzi wa kidato cha tatu alikuja mezani kwangu kuchukua madaftari ya darasa lao, akaona kitabu kimelala pembeni. Nakala yangu haina jalada na ukurasa wa kwanza nimeushikiza kwa gundi, ila jina linasomeka: Hana Hatia, riwaya ya Martha Mvungi. Akakiinamia, akauliza, "Mwalimu, huyu asiye na hatia ni mwanamume au mwanamke?"

Nikamwambia jina halisemi. Akasimama pale na madaftari yake mkononi, akifikiri, kisha akasema, "Basi mpaka nisome."

Mpaka usome, ndiyo. Swali lake limenikalisha niandike jambo ambalo darasani nalisema kila mwaka kwa vipande vipande. Nafundisha fasihi ya Kiswahili, na likizo zangu nyingi huishia vijijini nikirekodi ngano, kwanza Ubena na baadaye Uhehe. Katika kazi hiyo nimejifunza kwamba Martha Mvungi, mwandishi wa huku kwetu, hasomeki vizuri mpaka ujiulize kila mara anasimulia kwa lugha gani, na lugha hiyo inamruhusu kuficha nini.

Nimtambulishe kwanza, maana vijana wengi wa Njombe wanaijua riwaya ya Takadini kwa moyo na hawajawahi kulisikia jina lake. Alizaliwa Kidugala, mahali penye misheni ya zamani ya Walutheri, ambapo leo ni wilaya ya Wanging'ombe. (Mkoa wa Njombe wenyewe umezaliwa 2012, ukimegwa kutoka Iringa, kwa hiyo ukimkuta katika maandishi ya zamani ameandikwa mtu wa Iringa, usishangae.) Utoto wake aliuanza kati ya Wabena, kisha akaishi kati ya Wahehe. Alipoingia shule ndipo alipotambua kwamba watu hawa wawili hawasimulii hadithi kwa namna moja, akaanza kuzilinganisha. Baadaye alisoma Dar es Salaam na Edinburgh, akawa mwalimu.

Mwaka 1975 vilitoka vitabu vyake viwili. Kimoja ni Three Solid Stones, hadithi fupi zenye mizizi katika masimulizi ya Wabena na Wahehe. Hizo aliziandika kwa Kiingereza, zikachapwa London na Heinemann katika ule mfululizo wa waandishi wa Afrika ulioanza 1962 na riwaya ya Chinua Achebe. Cha kwake kina namba 159. Kingine ni Hana Hatia, riwaya ya Kiswahili, iliyochapwa Dar es Salaam na Tanzania Publishing House. Mwaka huohuo Ndyanao Balisidya alitoa riwaya yake Shida, na miaka mitatu nyuma Penina Muhando alikuwa ametoa tamthilia aliyoipa jina Hatia. Wanawake waliokuwa wakichapa vitabu vya Kiswahili Tanzania bara wakati ule walikuwa wachache mno, na mmoja wao ni binti wa Kidugala. Hilo peke yake lingetosha awekwe kwenye orodha ya kusomwa katika kila shule ya sekondari kuanzia Makambako mpaka Ludewa.

Lakini kinachonishika mimi zaidi ni huko kugawanyika. Hadithi zilizoanzia jikoni, zilizosimuliwa kwa Kibena na Kihehe, zilipanda ndege kwa Kiingereza. Riwaya aliyoitunga mwenyewe ikabaki nyumbani kwa Kiswahili. Ili uone uzito wa jambo hili, nikuonyeshe kinachotokea ngano inapohama.

Kuna ngano moja niliyoirekodi mara mbili. Wasichana wanakwenda mtoni kuoga. Mmoja anasahau ushanga wake juu ya jiwe, wenzake wanakataa kurudi naye, anarudi peke yake. Anakuta zimwi limekalia lile jiwe. Zimwi linamtia ndani ya ngoma, linazunguka naye kijiji hadi kijiji, na kila ngoma ikipigwa, msichana anaimba mle ndani. Watu wanalipa zimwi chakula kwa uzuri wa ngoma yake. Mwisho ngoma inafika kijijini kwao, na mama anaitambua sauti.

Bibi wa kwanza, karibu na Ilembula, alikaa kwenye ushanga kwa muda mrefu sana. Alieleza nani alimpa, ulikuwa na rangi gani, na alivyouvua akauweka juu ya jiwe ili usilowe. Nilipokuwa nikisikiliza niliona anapoteza muda. Niliporudia kanda nyumbani nikaelewa kwamba bila ushanga ule kupendwa namna ile, kurudi kwa msichana ni upumbavu tu. Ukipendwa, sote tungerudi.

Bibi wa pili, upande wa Kalenga, hakuanzia mtoni hata kidogo. Alianza na mama aliyekaa mlangoni akichambua maharage, anasikia ngoma kwa mbali, na mkono wake unasimama juu ya ungo. Ndipo akaturudisha nyuma kutueleza ngoma ile imetoka wapi. Kwa hiyo sisi wasikilizaji tulijua tangu mwanzo kwamba mtoto yumo ndani ya ngoma, na kila kijiji zimwi lilipopita tulikuwa tunahesabu ni vingapi vimebaki.

Sisemi Wabena wote husimulia kama yule na Wahehe wote kama huyu. Wale ni bibi wawili, kila mmoja na jiko lake. Ninachosema ni kwamba mtoto aliyekulia kwenye majiko ya pande zote mbili, kama Mvungi, hawezi tena kuamini kwamba hadithi ina namna moja ya kusimuliwa. Anajua tayari kuwa kuna kuchagua, na kuchagua huko ndiyo kazi yote ya mwandishi. Wengi wetu tunaanza kulifahamu jambo hilo tukiwa watu wazima. Yeye alilibeba kwenye mkoba wa shule.

Halafu kuna wimbo. Kwenye kanda ya Ilembula wimbo wa msichana ndani ya ngoma unakuja mara saba. Mara ya kwanza bibi anaimba peke yake. Mara ya tatu watoto wote wanaitikia. Kufikia ya tano bibi ameshanyamaza kabisa, anapukuchua mahindi na unasikia punje zinavyodondoka kwenye ungo, watoto ndio wanaoibeba hadithi. Nilipokuja kuiandika, nikaandika wimbo mara moja, mistari minne, na mara sita zilizobaki nikaandika neno moja kwenye mabano: wimbo. Nilijisomea nikaona nimeiua. Katika fasihi simulizi tunasema fanani, yaani msimulizi, na hadhira, kana kwamba ni watu wawili waliokaa pande mbili, lakini kwenye kanda ile kufikia wimbo wa tano huwezi kuonyesha mpaka uko wapi. Karatasi inakulazimisha uuweke.

Mwandishi anayetoa ngano jikoni na kuitia kwenye hadithi fupi anajua kwamba hadhira haitaimba. Inabidi atafute kitu kingine cha kufanya kazi ya wimbo: sentensi inayorudi, kitu kinachorudi, au kimya kinachorudi mahali palepale. Nikimsoma Mvungi, hicho ndicho ninachowinda kwa penseli. Jaribu na wewe, hata kwa mwandishi mwingine yeyote anayetoka kwenye ngano. Weka alama pembeni kila kitu kinaporudi, kisha ujiulize pale pangeimbwa nini.

Sasa turudi kwenye swali la mwanafunzi wangu. Kiswahili hakisemi mwanamume wala mwanamke katika kitenzi. Alikuja, alilia, hana hatia: yeyote yule. Kibena na Kihehe ni hivyohivyo, ndiyo tabia ya lugha zetu. Msimulizi wa huku anaweza kumleta mtu mlangoni usiku, akamkalisha motoni, akampa chakula, na msikilizaji asijue bado ni mgeni wa kiume au wa kike, mpaka msimulizi apende. Bibi wa Kalenga alinifanyia hivyo katika ngano nyingine. Mgeni alikula, akalala, akaamka, na mpaka alipofunga kitambaa kichwani ndipo chumba kizima kikasema "Aaa!" Nimewahi kujaribu kuitafsiri ngano ile kwa Kiingereza kwa ajili ya mkutano wa walimu. Sentensi ya pili tu nilikwama. Kiingereza kilinidai nitaje jinsia hapohapo mlangoni, na nilipoitaja, ngano ikawa haina kitu.

Kiingereza kinadai na mengine. Shangazi, mama mkubwa na mama mdogo, kwacho ni mtu mmoja. Kwetu shangazi ni wa upande wa baba, na neno lake kuhusu ndoa ya binti lina uzito ambao mama mdogo, hata akiwa mpole na mwenye busara kuliko wote, hana. Ukisoma hadithi ya Kiingereza iliyotoka huku na ukakuta ndugu wa kike wa mzazi anakuja kuamua jambo, usipite haraka. Simama umrudishe kwenye Kiswahili, ujue ni yupi. Mara nyingi ugomvi wote wa hadithi umekaa hapo, na mchapishaji wa London asingeuona.

Ndiyo maana jina Hana Hatia linanipa raha kila ninapolitazama. Ni sentensi kamili, ina utetezi ndani yake, tayari kuna mtu ameshtakiwa na mtu mwingine amesimama kumtetea, na bado hujui unamtetea nani. Sentensi kamili kama hiyo kwa Kiingereza ingekuwa ngumu kuiandika bila kutoa siri. Sitakusimulia kisa chake, nataka ukitafute.

Kukitafuta kuna kazi, najua. Nakala yangu niliipata kwenye meza ya vitabu vilivyotumika, chini ya vitabu vya hesabu vya shule ya msingi, na muuzaji alinipunguzia bei kwa sababu ya jalada kutokuwepo. Maktaba moja ya shule niliyowahi kufundisha ilikuwa nayo kwenye daftari la kumbukumbu, lakini rafuni hapakuwa na kitu. Iliniuma sana siku ile na bado inaniuma. Kitabu cha mwandishi aliyezaliwa umbali wa safari ya basi tu, kipo kwa wino wa daftari na hakipo kwa mkono.

Jina la kile kitabu kingine nalo huwa nalisimamisha darasani. Nawaambia wanafunzi watafsiri Three Solid Stones, na mtu wa kwanza husema "mawe matatu imara". Sawa, kamusi haijakosea. Kisha nauliza, kwenu mawe matatu yanakaa wapi? Hapo darasa lote hujibu kwa pamoja: mafiga. Wanaotoka majumba ya gesi nao hujibu, maana kwa bibi bado kuna jiko la kuni. Mmoja huongeza jifya moja haliinjiki chungu. Mimi siku zote nalisoma jina lile nikiwa nimekaa jikoni, moshi ukinitoa machozi, na sidhani kama msomaji wa mbali alikaa mahali hapo.

Baada ya swali la binti yule niliwapigia darasa lake kanda zote mbili, ya Ilembula na ya Kalenga. Dakika kumi za kwanza walicheka lafudhi. Wimbo ulipofika mara ya nne waliokuwa wakicheka walikuwa wanaitikia. Niliwapa kazi ya likizo ndogo: muulize bibi au babu kama anaijua hii ya ngoma, na umsikilize anaanzia wapi.

Binti yule alirudi Jumatatu na karatasi tatu za daftari zilizojaa pande zote. Bibi yake, wa upande wa Lupembe, anaijua. Haanzii mtoni wala mlangoni kwa mama. Anaanza na wale wenzake, wasichana waliokataa kurudi, wanatembea kwenda nyumbani wakiwa wamenyamaza, kila mmoja akingoja mwenzake aseme la kumwambia mama yake msichana. "Mwalimu," akaniambia, "bibi anasema hao ndio wenye hadithi." Nimemwomba anipeleke mwezi wa sita, shule zikifungwa. Kutakuwa na baridi kali huko Lupembe wakati huo, na moto utawashwa mapema.