Je, wajua kwa nini njia "bora" ya kupanda Kilimanjaro inabadilika kila anayeuliza akibadilika?

Uliza Moshi mjini njia ipi nzuri ya kupanda mlima, mmoja atakwambia Marangu, mwingine Machame, wa tatu atasema achana na hizo nenda Lemosho, na hakuna anayekudanganya. Kila mtu ana kigezo chake kichwani, huyu bei, yule kufika kileleni, mwingine hataki msongamano, na hakuna njia inayoshinda kote.

Kwenye hesabu kuna fani nzima ya kuamua kwa vigezo vingi, na watu wa utalii wanaitumia kupanga hoteli kwa ubora au kuamua kivutio kipi kiendelezwe kwanza. Ila sisi tubaki mlimani.

Marangu ya siku 5 ni nafuu na ndo njia yenye vibanda vya kulala, lakini unapandishwa chapchap: Mandara, kisha Horombo mita 3,720, kesho yake Kibo zaidi ya 4,700, na usiku huohuo unaamshwa uanze kuitafuta Uhuru, mita 5,895. Mwili haujazoea hewa nyepesi, kichwa kinagonga, unatapika, unageuzwa. Machame ya siku 7 inakupeleka mpaka Lava Tower, karibu mita 4,600, alafu inakushusha ulale Barranco chini ya 4,000, hapo mwili unapata nafasi ya kuzoea, ila watu ni wengi kweli. Lemosho ya siku 8 inaanzia magharibi, siku za mwanzo kumetulia, lakini kila siku ukiongeza ni tozo ya hifadhi, ni msosi, ni malipo ya wagumu (ndivyo wapagazi wanavyoitwa kule mlimani), kwa hiyo bei inapaa.

Sasa tupe alama kwa 10, nimezipanga mwenyewe kwa mfano tu, kwa mpangilio wa bei, kuzoea mwinuko na utulivu. Marangu 9, 4, 4. Machame 6, 8, 3. Lemosho 4, 9, 7. Mwanafunzi anayejichanga anaipa bei uzito wa asilimia 60, kuzoea 30, utulivu 10. Zidisha, jumlisha: Marangu 7.0, Machame 6.3, Lemosho 5.8. Mstaafu mwenye hela yake anasema bei 10, kuzoea 60, utulivu 30, basi Lemosho inaruka mpaka 7.9, Machame inabaki palepale 6.3 na Marangu inaporomoka hadi 4.5. Alama hazijaguswa hata moja! Kilichobadilika ni uzito tu.

Ndo maana kazi ngumu ni kuupata huo uzito, maana ukimuuliza mtu moja kwa moja anakwambia vyote muhimu. Thomas Saaty, mwanahisabati aliyezaliwa Mosul, Iraki, akafanya kazi Marekani, miaka ya 1970 alikuja na mbinu ya kupata uzito iitwayo AHP (Analytic Hierarchy Process): usimuulize vyote kwa mpigo, muulize viwiliviwili, bei na utulivu kipi kinakubana zaidi na kwa kiasi gani, kuanzia 1 mpaka 9. Alafu hesabu inakukagua. Ukisema bei ni mara 3 ya utulivu, na utulivu mara 2 ya chakula, basi bei inatakiwa iwe mara 6 ya chakula, ukijibu 2 umejipinga mwenyewe. Kujipinga kidogo kunavumiliwa, kipimo cha huko kujipinga kikizidi 0.10 unaambiwa rudia. Kinachochosha ni wingi wa maswali, vigezo 3 ni maswali 3 lakini vigezo 10 ni maswali 45.

Ipo pia mbinu ya TOPSIS ya Hwang na Yoon, 1981, inayobuni njia ya ndoto, yenye kila kizuri, na nyingine mbovu kuliko zote, kisha inapima kila njia ya kweli iko umbali gani na hizo mbili.

Mi binafsi kinachonikera kwenye kujumlisha alama ni kwamba bei ikiwa tamu inafunika hatari, yaani kwenye karatasi punguzo linafidia ugonjwa wa mwinuko, kitu ambacho kule juu hakipo kabisa. Bernard Roy wa Ufaransa aliliona hilo mapema, na kwenye mbinu zake za kuamua ziitwazo ELECTRE, zilizoanza miaka ya 1960, ukaja kuwekwa utaratibu wa turufu: kitu kikizidiwa mno kwenye kigezo kimoja kizito, hakiwezi kuhesabiwa bora hata kama kwingine kote kinang'ara. Kwa mgeni anayepumua kwa shida akifika tu Horombo, ningeanza na hiyo turufu kabla hata ya kufungua jedwali la bei.