Je, lenzi inayovuta mbali zaidi ndiyo bora?

Wengi wanaoanza kupiga picha huamini kwamba kadiri lenzi inavyovuta mbali, ndivyo picha inavyotoka kali zaidi. Kwa hiyo, wanadhani, lenzi ya milimita 70-300 lazima iishinde ya 55-200. Lakini milimita husema tu lenzi inavuta kiasi gani. Lenzi nyingi za bei nafuu, zikivutwa hadi mwisho, hufunguka f/5.6 tu (namba ya f huonyesha upana wa tundu la lenzi; ikiwa ndogo, mwanga huingia zaidi), yaani robo ya mwanga wa f/2.8. Tena kwenye milimita 300 hata mtetemo mdogo wa mkono huonekana. Anzia kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde. Jaribu dukani kabla hujalipa: piga kibao kilicho ng'ambo ya barabara kwa 55-200 ikiwa kwenye 200, kisha kwa 70-300 ikiwa kwenye 300. Punguza kingo za picha ya 200 ili kibao kilingane na kile cha picha ya pili, zikuze zote mbili, usome herufi uone ipi ni kali zaidi.