Chanzo cha habari katika historia ya ukoo: nani kasema, na lini

Kutaja chanzo, kwa mtu anayefuatilia ukoo wake, ni kuandika pembeni ya kila habari umeipata wapi: nani kakuambia au umesoma karatasi gani, siku gani, mahali gani. Mjukuu akikuta umeandika kuwa bibi alizaliwa 1931, aweze kufika pale ulipochota wewe.

Daftari langu la kwanza halikuwa na kitu hicho. Niliandika "babu alifariki 1962", basi. Miaka ikapita, shangazi akanihakikishia kuwa mzee alikuwa hai Unguja siku ya Mapinduzi, nami sikukumbuka hata hiyo 1962 nilipewa na nani. Nikakosa cha kupimanisha.

Kila habari ina tarehe mbili: siku jambo lilipotokea, na siku lilipoandikwa au kusimuliwa. Wengi huandika ya kwanza tu. Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa 1998 kwa mtu wa 1940 ni kumbukumbu ya mzee mbele ya karani, ikapigwa muhuri. Usikipe uzito wa cheti cha mtoto aliyeandikishwa wiki aliyozaliwa. Ukiona 1 Januari kwenye kitambulisho cha mzee, shtuka kidogo. Mara nyingi kilichojulikana ni mwaka, siku na mwezi vikajazwa ili fomu ikamilike. Kwa daftari la ubatizo, taja parokia, ukurasa, namba na siku uliyolisoma, na usigeuze siku ya ubatizo kuwa ya kuzaliwa.

Pwani kuna na suala la kalenda. Bibi akisema, "Kazaliwa Mfunguo Mosi baada ya Mapinduzi", andika kwanza maneno yake hivyohivyo. Hesabu ije chini, ijulikane ni yako: Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa 12 Januari 1964, Ramadhani ikaandama siku chache baadaye, kwa hiyo Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, uliangukia kati ya katikati ya Februari na katikati ya Machi. Ukikosea hesabu, maneno ya bibi bado yapo. Akisema "usiku wa Ijumaa", muulize. Kwa wengi wa pwani huo ni usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, maana siku huanza jua likizama. Na umri je? Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, hivyo anayejihesabia miaka 66 kwa mwezi mwandamo ana kama 64 kwa kalenda ya ukutani.

Sasa habari ya babu nimeiandika hivi:

"Alikuwa hai Unguja, Januari 1964. Kasema shangazi, dada mkubwa wa baba, kwa mdomo, nyumbani kwake Tanga, 14 Agosti 2011. Mwenyewe hakuwepo Unguja. Aliambiwa na mama yake."

Sentensi ya mwisho ndiyo watu huiacha, na mimi naiona ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote. Ile 1962 sikuifuta. Iko juu yake, na pembeni nimeandika "chanzo hakijulikani". Baadaye binamu zangu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walinipa habari ileile ya 1964. Nilifurahi mpaka nilipowauliza waliipata wapi. Wote watatu walimsikia shangazi.